Mkaguzi wa Bima Alipokuja kwa Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa kike, fundi cherehani, alijenga nyumba yake kwa sindano, chumba baada ya chumba. Mto ulipofurika, maji yakafika madirishani. Watu wa bima wakasema mkaguzi wao atakuja kuona hasara. Kwa kuwa mgeni anakuja, mdogo wangu akasugua tope lote, akachoma magodoro, akapaka kuta chokaa.

“Mama, maji yalifika wapi?” mkaguzi akauliza.

“Hapa, baba.” Akamwonyesha ukuta mweupe pe.

“Mbona sioni alama?”

“Ningekukaribisha kwenye tope, mwanangu? Nina adabu zangu.”

Hawakumlipa kitu. Mwaka uliofuata wakapandisha ada, eti nyumba iko kwenye njia ya maji! Ikamshinda, akaacha bima. Mvua zilizofuata ziliibeba nyumba nzima. Sasa anaishi kwangu, na mtaa wake hataki hata kuusikia ukitajwa.