Mbuzi wa Ntheo na Pikapu ya Nchi ya Theluji

Mimi si mtu wa kutulia. Hapa Malili wananijua. Dukani kwangu, kati ya mabati na misumari, hata chai nainywa nikiwa nimesimama. Sasa hebu fikiria mtu wa namna hiyo aambiwe angoje mvua ipungue ndipo asafiri. Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, mvua ya Novemba imeshuka kwa hasira, na mimi nilikuwa na safari ya Zombe isiyoweza kungoja.

Sababu ni hii. Ndugu yangu Musyoka, kitinda mimba wetu, alikuwa anaishi na Mwende, binti wa Mzee Mwangangi wa Zombe. Waliishi vizuri, ila ntheo ilikuwa haijapelekwa. Mkamba haelezwi ntheo ni nini. Kwa wengine nitasema tu kwamba ni mbuzi watatu wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana, mmoja anachinjwa na kuliwa pamoja, na bila hao hata mkikaa mpaka mzeeke huyo si mkeo na watoto si wako. Musyoka aliahirisha, akaahirisha tena. Mwende akaenda kwao kusalimia akiwa na mimba kubwa, babake akamzuia kurudi. Akatutumia neno: "Mbuzi waje. Mtoto akizaliwa kabla mbuzi hawajaingia bomani kwangu, huyo ni wa kwangu, na jina nitampa mimi."

Musyoka alikuwa kazini bandarini Mombasa na ruhusa alinyimwa. Mama yetu, Syombua, miguu ilikuwa imemkataa, na duniani alibaki akitaka kitu kimoja tu, mjukuu wa jina lake. Alikuwa na hakika atakuwa msichana, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Hakunibembeleza. Alisema, "Ndinda, wewe una gari. Unangoja nini?" Kesho yake nikaondoka.

Alfajiri, Malili. Gari lenyewe lilikuwa pikapu niliyouziwa na mhandisi wa kigeni aliyekuwa akichimba visima upande wa Makueni. Aliileta kutoka kwao, nchi ya baridi, kwa hiyo usukani ulikuwa kushoto. Siku anaondoka alinikalisha ndani yake akanieleza mambo ya kwao: barabara inaganda, maji yanakuwa barafu, theluji inaanguka juu, na pikapu tupu inatupa matako huku na huku. Ndiyo maana wao huweka magunia ya mchanga nyuma, iwe na uzito. Kisha akanionyesha taa ndogo iliyoandikwa ABS. Alisema gurudumu la nyuma au la mbele likitaka kufunga na kuserereka, kuna kitu ndani kinaliachia na kulikamata tena, upesi kuliko mguu wa binadamu yeyote. Kazi yangu ni kukanyaga breki na kubaki hapo. "Pedali itatetemeka chini ya mguu," alisema. "Usiogope, usiachie." Nikaitikia ndiyo, ndiyo, na akili yangu iko kwa saruji iliyochelewa.

Nilipakia mbuzi watatu, majike wawili na beberu, sukari, blanketi na leso za mama mkwe, halafu magunia mawili ya mchanga. Mjomba Kilonzo, ndugu wa mama, ndiye aliyekuwa msemaji wetu, maana mwanamke hapeleki ntheo peke yake. Aliyaona yale magunia akashika kiuno.

"Unapeleka mchanga Zombe?"

"Ni wa uzito, Mjomba."

"Ndinda, Zombe mchanga ndio wanalalia! Si upeleke na jua pia?"

Akacheka mpaka akakohoa. Nikawasha gari.

Baada ya Machakos. Mjomba alikuwa dereva wa malori ya idara ya barabara ya serikali kabla hajastaafu, na sasa alikuwa amekaa kulia, pale ambapo maisha yake yote kulikuwa na usukani, na mbele yake hakuna kitu. Ilimtesa. Kila kona mguu wake ulikanyaga sakafu. Kila lori likija alivuta pumzi. "Gia ya tatu," ananiambia. "Hiyo ni lami ya kushuka, gia ya tatu." Nami nilikuwa tayari kwenye gia ya tatu. Kati ya mtu asiyetulia na mtu asiyenyamaza, ile kebini ilikuwa ndogo.

Mteremko wa kwenda mto Athi. Mvua ilikuwa imeshusha tope jekundu juu ya lami, na mimi nilikuwa mbio, sitadanganya. Tulipotoka kwenye kona tukakuta punda wanne wenye madumu ya maji wamesimama katikati ya barabara kama wenye barabara yao. Nikakanyaga breki. Pedali ikaanza kutetemeka chini ya mguu wangu, tr-r-r-r, na sauti ya kusaga ikatoka chini. Woi! Nilisahau kila kitu. Nilichojua ni kwamba kitu kimevunjika.

"Pampu!" Mjomba akapiga kelele. "Pampu, Ndinda, pampu!"

Nikapampu. Sisi tuliojifunzia gari kwa pikapu kuukuu tunajua, kwenye utelezi breki hupigwa pampu: kanyaga, achia, kanyaga, achia. Mguu wangu ulimtii Mjomba kabla sijaamua. Na kila nilipoachia, gari likapata nafasi ya kukimbia tena. Punda hawakusogea hata hatua. Nikazungusha usukani, tukawapita kwa upana wa sikio, tukaingia mtaroni kwa pua.

Halafu mbuzi mmoja akalia, na wa pili, na wa tatu. Nilishuka nikawahesabu kwa mikono kabla sijaangalia gari. Walikuwa wazima, wamerundikana nyuma ya magunia ya mchanga.

"Breki zako ni mbovu," Mjomba akasema.

"Breki zangu ni nzima! Wewe ndiye umenipigia kelele!"

"Mimi nimeendesha lori miaka mingi kuliko—"

"Hili si lori lako, Mjomba! Hili limetoka kwa watu wanaoendesha juu ya barafu!"

"Basi lirudi huko huko kwa barafu!"

Tulipigana maneno pale mtaroni, mtu na mjomba wake, mvua inatunyeshea. Mwenye punda alikuja akasimama akitusikiliza kwa raha kabisa, kisha akasema tukimaliza atatuitia watu. Walikuja vijana kadhaa wa pale karibu wakasukuma, magurudumu yakazunguka bure. Mwishowe tulifungua gunia moja, tukamwaga mchanga chini ya magurudumu, ndipo likatoka. Asubuhi yote ilikuwa imeisha. Mjomba hakusema lolote juu ya mchanga, nami nilijizuia kwa shida sana.

Senta ya Kwa Vonza. Tulisimama kununua chai na mandazi, na hapo tukakutana na Salim, mfanyabiashara wa nguo kutoka mjini Kitui, ambaye huzunguka masoko yote ya upande ule na leso zake. Ananiita dada tangu tulipofanya biashara pamoja.

"Dada Ndinda, waenda wapi na hali hii?"

"Zombe, kwa Mwangangi."

Uso wake ukabadilika. "Mimi nimelala Zombe jana. Nimeondoka usiku haujaisha. Binti yake alishaanza uchungu, mkunga ameitwa."

Nikaiweka chai mezani. Niliwaza juu ya mama amekaa mlangoni Malili, na nikaona hasira inanipanda: kwa Musyoka na kuahirisha kwake, kwa punda, kwa Mjomba, kwa mguu wangu mwenyewe. Nilitaka kulia na sikutaka mtu anione. "Twende," nikasema. Mjomba aliacha mandazi yake mezani, na Mjomba si mtu wa kuacha mandazi.

Kupita Kitui mjini, lami ikatuacha. Kuanzia hapo ni changarawe, na panapokosa changarawe ni udongo mweusi unaokamata gurudumu kama ugali mbichi. Niliendesha nikijisemea kwa sauti, kanyaga, usiachie, kanyaga, usiachie. Mjomba alinitazama.

"Unaomba?"

"Naam, naomba. Na wewe ukisema pampu tena nitakushusha."

Mteremko wa mwisho kabla ya Zombe unashuka hadi kwenye mto wa mchanga ambao mwaka mzima ni mkavu. Siku hiyo haukuwa mkavu. Tulipofika juu tuliona maji ya kahawia yakipita, na katikati ya mteremko mkokoteni wa punda umevunjika gurudumu, mwenyewe ameinama chini yake. Nilikanyaga. Pedali ikatetemeka, tr-r-r-r. Kila mshipa wangu ulitaka kuachia. Mjomba alifungua mdomo, akaufunga, akashika magoti yake kwa mikono miwili. Nikabaki nimekanyaga.

Na niseme ukweli, halikusimama upesi nilivyotarajia. Kwenye changarawe laini lilizidi kuteremka, likitetemeka, na nilikuwa na hakika tutaingia majini. Lakini usukani ulinisikia. Nilizungusha kushoto, likaenda kushoto. Tukaupita mkokoteni na mtu wake, nikarudisha kulia, likarudi, tukasimama maji yako mbele ya bampa.

Mjomba aliachia magoti yake. "Kumbe linasikia," akasema.

"Linasikia."

"Lakini linachelewa kusimama."

"Linachelewa," nikakubali, kwa sababu ilikuwa kweli.

Ukingoni mwa mto tulingoja. Hapo ndipo nilipoteseka kuliko mahali pote. Nilitembea, nikarudi, nikaweka jiwe pembeni mwa maji nione kama yanapungua, nikalihamisha. Mjomba alikata fimbo, akakunja suruali, akaingia kupima kina, akarudi akitikisa kichwa. Alifanya hivyo mara nyingi bila kuombwa. Jua lilipoanza kuinama ndipo alipoinua mkono katikati ya mto, maji yakiwa chini ya magoti. Alitangulia kwa miguu akinionyesha palipo pagumu, nami nikamfuata taratibu kwa gia ya kwanza.

Zombe, jioni bado ina mwanga. Mzee Mwangangi alikuwa bomani, amekaa kwenye kiti, amejaa matope mpaka kwenye mapaja. Alitutazama sisi, akawatazama mbuzi. Salamu zilikuwa fupi. Mjomba akaanza maneno yake ya msemaji, polepole, kwa heshima, kana kwamba hatukuwa na haraka yoyote. Mimi nikaenda jikoni kusalimia wanawake.

Mama Mwende alinikuta mlangoni, akaniwekea kiganja mdomoni kabla sijatamka neno. Akanivuta ndani. Mwende alikuwa amelala kwenye mkeka, amechoka, anatabasamu. Kifuani pake, ndani ya leso, kulikuwa na mtoto, ameoshwa, ameshanyonya, amelala. Msichana. Alikuwa amezaliwa asubuhi.

Nikakaa chini. Nilijua maana yake. Tulikuwa tumechelewa kwa siku nzima.

"Hakuna mtu aliyepiga vigelegele," Mama Mwende akaninong'oneza. "Na kama vigelegele havijapigwa, wanaume hawajui kitu. Mkunga nimemkataza kutoka. Sasa wewe kaa hapa, ufunge mdomo."

Nilikaa. Mtu asiyejua kukaa, nilikaa nikimshika yule mtoto kidole, nikisikiliza nje. Nikasikia mbuzi wanaingizwa bomani. Nikasikia beberu analia, kisha hasikiki. Moshi ukaanza, harufu ya nyama ikaja, na Mzee Mwangangi na Mjomba wakaanza kucheka juu ya jambo fulani. Mama Mwende alingoja mpaka alipoletewa kipande chake. Alikila chote, akafuta mikono. Kisha akasimama mlangoni akapiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka.

"Msichana!" akaita. "Mwende amejifungua sasa hivi!"

Halafu nikasikia sauti ya Mzee Mwangangi. "Mjukuu wenu amefika," akamwambia Mjomba. "Mpeni jina."

"Syombua," Mjomba akasema.

Kesho yake, kurudi. Mvua ilikuwa imepumzika. Mama na mtoto tuliwaacha wapate nguvu. Musyoka angekuja kuwachukua mwenyewe, nilishaapa kumleta hata kwa sikio. Mjomba alipanda nyuma na mizigo kwa hiari yake, alisema kule nyuma haoni barabara na roho yake inatulia. Katika safari ile nilijifunza kukanyaga breki na kubaki hapo, na nilijifunza kwamba gari hata liwe la kistadi namna gani halikuondolei mwendo wa kijinga. Hilo nilidhani ndilo litakuwa neno langu la mwisho.

Lakini Mzee Mwangangi aliomba lifti mpaka sokoni. Alikaa na mikono juu ya magoti, imevimba malengelenge. Nilipomuuliza kama anaumwa, akaitazama.

"Mkwe," akasema, "nyumba yangu ni ya udongo na masikio yangu ni mazima. Yule mtoto alilia jana asubuhi. Nilimsikia."

Tulikuwa tumefika sokoni, nikasimamisha gari.

"Nilikuwa nimeshasema neno langu mbele ya watu, na neno nililosema siwezi kulimeza. Ningekaa pale ningemsikia tena. Basi nikachukua jembe nikaenda kulima."

"Kwenye ile mvua, mzee? Shamba si lilikuwa limejaa maji?"

"Lilikuwa limejaa," akasema, akifungua mlango. "Nimelima maji siku nzima, nikisikiliza gari lenu. Mlikuwa wapi?"