Neno "dawa" limewarudisha jirani zangu mtoni

Admin, naomba ufiche jina langu. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mmoja, mwalimu mstaafu, naishi upande wa Mweiga. Ni katibu wa mradi wetu wa maji, na matangazo kwenye grupu letu la simu huyaandika mimi.

Baada ya mvua kubwa, tangi letu liliingia tope. Vipimo vikaonyesha vijidudu vya kinyesi. Fundi alisafisha tangi akatia klorini, nami nikaandika: "Maji yalikuwa na uchafu. Tumeweka dawa kwenye tangi. Chemsheni hadi tutakapowajulisha."

Yasome maneno hayo kama mkulima wa viazi. Huku kwetu dawa ni ile tunayopulizia shambani, ile tunayofungia stoo ili watoto wasiiguse. Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote, na hilo halikunijia.

Kufika jioni tangazo lilikuwa limefika Nyeri mjini, limekatwa, imebaki sentensi moja: Tumeweka dawa kwenye tangi. Jirani yangu Mama Ciru akaniita kwenye ua. "Mwalimu, hiyo dawa mliweka ni ya viazi ama ni ya kupe?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikaandika maelezo marefu, klorini ni kitu gani, huua nini, kiasi gani hutiwa. Mtu mmoja akajibu, "Ati mtu akieleza hayo yote, kuna kitu anaficha." Wengi wakaunga mkono.

Vipimo vipya vimeonyesha maji ya bomba ni salama, na nimetangaza hivyo. Lakini watu wanateka mtoni, mahali ng'ombe wanakunywa, na hawachemshi kwa sababu mto hauna dawa. Juzi Ciru, wa miaka minne, alilazwa kwa kuhara. Nilienda kumwona, nikamwambia mama yake kwa upole kwamba ni maji ya mto.

Akaniangalia. "Na huko mtoni mliweka dawa lini, Mwalimu? Si mngetuambia."

Mwenyekiti anasema ninyamaze, watazoea. Mtoto bado yuko hospitalini, na kila asubuhi naona mitungi ikipita langoni kwangu kuelekea mtoni. Nikinyamaza wataugua. Nikiandika, wataogopa zaidi.

Ninyi mnaosoma haya, mngeambiwa neno gani ndipo mfungue bomba tena? Niandikieni. Nitalituma jinsi lilivyo, bila kuongeza langu.