Kidole Gumba Juu ya Kombe

Mchonga majina halishiki kombe la gofu kama wengine wanavyolishika. Hulipakata kama mtoto mwenye homa, na kila mwaka kidole gumba chake huziba mahali palepale. Majina ya mabingwa yamelizunguka tangu enzi za kaptula ndefu na soksi za magotini, na mengi ni kazi ya mkono wake. Bingwa hukabidhiwa kombe likiwa na jina lake tayari, ndiyo maana fundi huketi kibandani kando ya shimo la mwisho, ncha ya chuma mkononi. Mwaka mmoja aliyeongoza aliwaacha wenzake mbali mno, fundi akaona ya nini kusubiri, akaanza kulichonga jina lake. Mipira yake miwili ikazama bwawani, bingwa akawa mwingine. Herufi tatu zikasuguliwa mpaka fedha ikabaki nyembamba kama ganda la kitunguu.

Leo yule aliyeshindwa, mvi tupu sasa, ameingia kibandani kusalimia. "Fundi, hebu nionyeshe uliponianza."

Fundi anakaza kidole gumba palepale juu ya kombe. "Nani alikwambia, mzee mwenzangu?"

"Mbeba mkoba wangu. Alichungulia hapa, akanijia mbio kabla sijapiga, eti jina langu linachongwa. Mikono ikaanza kunitetemeka, basi tena." Anacheka bila kinyongo chochote, na hapo ndipo panapomchoma fundi. Miaka yote alikuwa akificha kombe aliloliharibu, kumbe aliharibu mtu. Anaondoa kidole. Mzee anapapasa polepole, kisha anamtuliza: "Mbona hata hapaonekani."