Odero Alivyofukua Kaburi Lake Mwenyewe Igombe

Odero alishuka kwenye bajaji, akalipa, akajinyoosha, akageuka kuitazama nyumba ya baba yake. Kitu cha kwanza kukiona ni kaburi lenye jina lake.

Siyo jina la kufanana. Jina lake kamili na mwaka wake wa kuzaliwa, kwenye msalaba.

Pembeni yake kulikuwa na kaburi la baba yake, Mzee Obiero. Hata kwamba mzee amefariki hakuwa na habari.

Mimi nilikuwa naanika dagaa. Naitwa Masalu, jirani yao hapa Igombe, Msukuma katikati ya Wajaluo, kwa hiyo msiniambie hii ni chai. Nilikuwepo.

Kwanza mumjue Odero. Jamaa ana digrii ya uchumi. Miaka mitano iliyopita alibeba begi kubwa la mgongoni, akatangaza kwamba anaenda kujitafuta. Sijui alipotelea wapi, maana sisi tulikuwa tunamwona hapa kila siku.

Akajitafuta Malaysia kwa kuosha vyombo. Akajitafuta Thailand kwa kuwatandikia watalii vitanda ili naye apewe cha kulala. Georgia alichuma zabibu mpaka mgongo ukagoma. Digrii ya uchumi, wakuu!

Mtandaoni, sasa. Kofia, machweo, na maneno mazito: "Dunia ndiyo kwetu." Wafuasi elfu arobaini. Laini ya Tanzania aliitupa, eti inamrudisha nyuma.

Basi mama yake, Mama Achola, akatoka jikoni. Odero akafungua mikono.

"Usivuke fensi," mama akasema.

Akaitwa Mzee Ooko, mdogo wa marehemu, mwenye neno la mwisho kwenye ukoo.

"Shikamoo, baba mdogo."

Mzee akasita. Shikamoo ya maiti inaitikiwaje?

"Wewe tulikuzika," akasema. "Kaka yangu alipofariki tulikusubiri mpaka tukachoka. Mtoto wa kiume aliye hai hawezi kukosa kumzika baba yake. Tukamuuliza mama yako, akasema ndiyo, Odero amekufa."

"Sasa mkazika nini?"

"Yago."

Ndugu zetu Wajaluo, mtu akipotea na mwili usionekane, huzika tunda la mwegea badala yake. Tunda refu, zito. Linalazwa kaburini, linaliliwa, ng'ombe anachinjwa. Odero aliagwa kwa heshima zote, hata mimi nilichangia.

"Baba alikufa na nini?" akauliza.

Badala ya kumjibu, wazee wakakaa kikao palepale barabarani. Shida ni kwamba kwenye ukoo ule hakuna marehemu aliyewahi kurudi na bajaji, kwa hiyo utaratibu haupo. Wakautunga. Afukue mwenyewe alichozikiwa, ndipo ahesabiwe hai.

Wakampitisha kwenye pengo la fensi upande wa ziwani, maana aliyekwisha kuzikwa haingii kwa lango. Nikamwazima jembe langu. Fundi wa kutandika vitanda akachimba mpaka viganja vikachubuka. Wafuasi elfu arobaini, na hakuna hata mmoja wa kumpokea jembe.

Mwishowe akalitoa lile tunda, limekauka kama gogo. Akatabasamu.

"Mama, niko hai."

Mama Achola akamkabidhi simu yake.

Simu ile naijua. Akaunti nilimfungulia mimi, ya kuuzia dagaa, jina Mama Dagaa Igombe. Na ujumbe ule nilimsaidia kuuandika: "Odero baba yako anaumwa sana anakuulizia. Piga namba hii."

Chini yake, jibu la Odero, ambalo mimi sikuwahi kuonyeshwa: "Matapeli wa Bongo mmenifuata mpaka huku? Mwambie huyo baba afe salama." Na vikatuni vya kucheka. Kumbe aliupiga picha ule ujumbe, akauweka kwenye ukurasa wake, watu wakacheka siku nzima. Kisha akamblock mama yake.

Odero alisoma, akakaa chini humohumo shimoni.

"Wazee waliponiuliza ningesema nini?" mama akasema. "Kwamba yuko hai, anacheka?"

"Mama, sikujua ni wewe."

"Baba yako aliniuliza, amejibu? Nikamwambia amejibu, anakuja."

Nilikuwa sijawahi kulisikia hilo. Hata Mzee Ooko aliangalia pembeni.

"Nisamehe, mama."

"Toka humo. Rudi barabarani. Mtoto wa marehemu anaingia msibani analia. Ingia kama unavyotakiwa kuingia."

Akaenda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaanza kulia kwa kujilazimisha, kama mtu anayejaribu spika za harusi. Sisi tunamwangalia. Alipovuka lango akaita, "Baba!" mara moja tu, sauti ikakatika, akaanguka kifudifudi mbele ya kaburi la mzee. Hapo hakuwa anaigiza tena.

Mama akamfuata palepale chini, akamkumbatia, akaanza kulia naye. Tukalia wote. Mimi nililia kwa sababu nilimpenda Mzee Obiero, na kwa sababu nilikuwa nimekasirika.

Funzo? Tembeeni, wakuu, dunia ni pana na vitanda vya kutandika havijaisha. Ila ukiletewa habari ya nyumbani usiyoiamini, piga simu kwanza, ndipo ucheke. Mzee Obiero alikufa anaamini mwanawe yuko njiani, na uongo ule mkewe aliubeba peke yake.