Mkonge Ulionyolewa

Bado nna hasira, na nnaandika nikiwa nazo.

Uwani kwangu, Matemwe, nna mkonge mdogo. Si ule wa kutoa kamba. Huu ni mfupi, wa mviringo, hauzidi sahani ya wali, na kila jani linaishia kwa mwiba mweusi, mkali kuliko sindano ninazoshonea kofia. Niliuokota Kendwa, umetupwa nje ya ukuta wa hoteli. Siku hiyo nilikuwa nimetoka nyumbani, jambo la nadra, basi nikarudi nao kama haji na maji yake ya zamzam.

Kwetu ardhi ni mawe na jua halina haya. Mchicha ulinifia, mihogo ilinikatalia. Mkonge ukakaa. Niliuzungushia kokoto, nikawa bahili wa maji, na masika nikaufunika beseni usije ukaoza. Jirani akipita husema, "Wenzako wanalea watoto, wewe unalea miba." Nacheka. Kweli yake.

Kisha tukawa na maulidi, na nyumba ninayokaa ni ya wazee wetu, basi yakasomewa hapa. Dada yangu mkubwa akaja mapema kutoka mjini kupanga uwani. Mimi nikaenda kuazima majamvi. Narudi, namkuta amechuchumaa na mkasi wangu wa kofia, ananyoa miba. Mkonge umebaki kama paka aliyekatwa masharubu.

"Dada! Umefanya nini?"

"Wageni wangechanika mabuibui. Usinune, itaota."

"Haioti! Jani likikatwa ncha ndo basi!"

"Makubwa! Kwani nimekukata wewe?"

"Bora ungeninyoa mimi. Nywele huota."

Akakitazama kichwa changu, upara mtupu. "Wapi?"

Jikoni wakaangua kicheko. Nikagawa majamvi.

Angeniuliza, ningeufunika ungo, yakaisha. Lakini mtu asiyetoka nyumbani huonekana kama kabati: unalisogeza, hulitaki shauri. Na hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo, kila nikiziona zile ncha zilizokauka.

Katikati yamefunuka majani mapya, kila moja na mwiba wake. Juzi dada kapiga simu: Idi wanakuja wote, anataka kupanga uwani tena.

"Karibuni," nikamwambia. "Ila safari hii napanga mimi."

Mkasi nshauficha. Na kiti chake nshakiweka, ubavuni mwa mkonge.