Kipande cha Pili

Sisi mawifi tuna jina baya, na mimi sikuwahi kufanya bidii ya kulisafisha. Kaka yangu alipooa fundi cherehani, siku ya kwanza tu nilimwambia mkewe kwamba mapazia yake yamepinda. Kwa hiyo nikisema kwamba ile wiki ya mtihani chakula hakikunishuka kwa ajili yake, mjue halikuwa jambo dogo.

Ushonaji ulimfia mikononi. Nguo za tayari zilijaa madukani, wateja wakabaki wa kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Kaka naye mgongo ulishamkataza kubeba mizigo. Mimi ni mfagiaji wa chuo cha ufundi, na ni mimi niliyemletea wifi fomu ya kozi ya kuchomelea, nusu kwa kumsaidia, nusu kwa utani. Nilidhani atacheka. Akaijaza.

Ana miaka thelathini na tisa, na darasa zima lililobaki ni vijana. Wakambatiza Mama Cherehani. Aliiuza hiyo cherehani yenyewe, akanunua buti za ngozi, glavu na kofia yenye kioo cheusi. Nilipoona ile pembe ya sebule imebaki tupu, ndipo hofu iliponiingia. Mzaha wangu ulikuwa umekula chombo cha kazi cha watu.

Mtihani wa mwisho ulikuwa Alhamisi: kuunganisha mabamba mawili ya chuma kwa mishono mitatu, mmoja juu ya mwingine. Karakana inayotengeneza minara ya matangi ya maji ilishamwahidi kazi, mradi apite. Msimamizi wake angekuja Jumatatu mchana kuchukua majina. Anayefeli hurudia muhula mzima.

Muda ulipokwisha, Mwalimu alinyanyua bamba la wifi mbele ya wote. "Nyie vijana, njooni muone mshono!" Ulikuwa umenyooka, umelala vizuri, hauna hata kishimo. Vijana wakapiga makofi. Mimi nilikuwa mlangoni na ufagio wangu, nikamtazama wifi usoni. Alionekana kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

Jumapili tulikuwa tunafua uani.

"Wifi, nina neno. Usimwambie kaka yako."

"Una mimba?"

"Acha utani, wifi. Nimeharibu."

Akanieleza. Kila mshono ukipoa huganda gamba jeusi juu yake. Unaligonga kwa nyundo ndogo, unasugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, ndipo unapitisha mshono mwingine. Ukiliacha, linafunikwa humo ndani na hakuna jicho litakaloliona.

"Mwalimu aliposema zimebaki dakika tano, nikababaika. Upande wa kushoto kuna mahali, urefu wa kidole gumba, sikugonga. Nikapita juu."

"Kwani panaonekana?"

"Hapaonekani. Ndiyo maana silali."

Hapo nikajitia ujuzi. Nimefagia karakana ya chuo miaka kumi na moja, desturi ya Mwalimu naijua kama nyumba yangu. Jumatatu mabamba hukatwa na kupimwa, ila hakati yeye. Kila mwanafunzi hukata vipande viwili vya bamba lake, upana wa vidole viwili, popote apendapo. Kisha Mwalimu huvikunja kwa jeki, kimoja kimoja. Kisichopasuka kimepita.

"Basi kata kulia, vyote viwili, na mdomo uufunge," nikamwambia. "Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe umejua tangu Alhamisi, na hujafa."

Alikamua shati moja mpaka nikaogopa litachanika.

Jumatatu nilifagia karakana mara tatu ili nisiwe na sababu ya kuondoka. Zamu yake ilipofika, alichora mistari ya chaki upande wa kulia, vipande viwili, vyote safi. Nikashusha pumzi. Akakata cha kwanza. Mwalimu akakiweka kwenye jeki, akasukuma mkono wa chuma, kipande kikajikunja taratibu kama ndara ya zamani. Akakipapasa kwa dole gumba. "Safi. Lete kingine."

Wifi akashika bamba. Akasimama tu. Akaifuta ile chaki ya kipande cha pili kwa kiganja, akachora upya. Kushoto.

Nikakohoa. Nikakohoa tena kwa nguvu, hadi Mwalimu akaniambia nikanywe maji.

Akakata. Jeki ikasukuma. Kipande kilikunjika nusu, kikalia *ta!*, kikafunguka. Katikati ya ufa palikuwa na mstari mweusi, kama uchafu chini ya kucha.

Mwalimu aliupapasa ule mstari kwa dole gumba. "Hapa ulipajua?"

"Nilipajua, Mwalimu."

"Na ukakata hapo hapo."

"Ndiyo, Mwalimu."

Nilingoja amwonee huruma. Akachukua kalamu, akaandika *amefeli*, akaita jina lililofuata. Msimamizi wa karakana ya matangi alipokuja, aliondoka na vijana watatu.

Njiani nilimfokea, nakiri. Nilimwambia ametupa riziki jalalani, kwamba ukweli hauliwi na ugonjwa wa mgongo hautibiwi kwa ukweli. Alitembea na buti zake nzito bila kunikatiza. Tulipokaribia nyumbani ndipo aliposema, "Wifi, suruali ikipasuka, mtu anafunika na shati. Tangi likianguka, unafunika na nini?"

Nikampokea glavu zake, nikazibeba mimi.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni. "Vipi?"

"Nimefeli. Niliacha gamba ndani."

Basi. Hakusema kwamba kulikuwa na njia ya kupita, wala ni nani aliyemwonyesha. Alikaa kwenye kiti, pale pembeni palipokuwa na cherehani, akatazama sakafu.

"Kaka," nikasema, "angeweza kupita. Mimi ndiye niliyemfundisha namna ya kudanganya. Amekataa."

Wifi akanikanyaga mguu, lakini nilikuwa nimeshasema.

Kaka alitutazama mmoja mmoja. "Muhula mwingine unaanza lini?"

Wifi alifungua mdomo, kidevu kikaanza kumcheza. Kule karakanani hakutoa hata chozi. Nikamjibia. "Baada ya wiki tatu."

"Basi buti zisiuzwe," kaka akasema. Akapiga goti mbele ya mkewe, kwa mgongo wake ule ule, akaanza kumfungua kamba za buti.