Mbeba Magunia wa Kibaigwa

Yule mbeba magunia huanza kupakia mahindi kwenye malori kabla sijachemsha chai yangu ya kwanza, na kila gunia hulipandisha begani kwa mguno ule ule. Akikosewa, sauti yake inafika barabarani. Wiki hii alimchapa binti yake Yudith, wa miaka sita, kwa kuwafungulia mbuzi wakala mtama wa jirani. Kumbe aliyesahau kulifunga zizi ni baba mwenyewe! Jumapili, wakati wa ushuhuda, alisimama akayasema yote, kisha akapiga magoti mbele ya mtoto, kanisa zima likitazama.

“Nisamehe, mwanangu.”

“Nimekusamehe, baba. Nibebe.”

Akampandisha kwenye bega lile lile lenye sugu. Tukapiga vigelegele, naye akatoka mlangoni akicheka, bila mguno hata mmoja.